Sura Niliyoipiga Kila Jumapili

Watu wakiona petanki wanafikiri ni muchezo wa wazee wenye vitumbo, waliokimbia makelele ya bibi zao wakaja kutupa vyuma kwenye vumbi. Mimi nawaambia: njoo basi. Njoo usimame ndani ya ronde, ule muviringo mudogo tunaochora chini. Shika bule la chuma mukononi. Mbele yako adui ameshaweka bule lake limebana kabisa na kochone, kale kampira kadogo ka muti ambako kila mutu anatafuta kukakaribia. Watu wote wamenyamaza, wanakuangalia. Hapo ndipo utajua kama ni muchezo wa wazee. Utatetemeka kama mutu wa malaria, na mukono wako hauna kosa lolote. Kosa liko kichwani. Na kichwa changu mimi, Mungu mwenyewe amekichoka.

Kiwanja chetu kilikuwa Majengo, nyuma ya baa ya mama mumoja mujane. Chini ni makoro, yale mawe meusi ambayo volkano ilitutapikia. Tuliyaponda kwa nyundo, tukamwaga muchanga juu yake, kazi bure. Bule likigusa koro linaruka linakotaka lenyewe. Sasa, katika petanki kuna kazi mbili. Kuna kupwente, maana yake kuweka bule lako taratibu karibu na kochone. Na kuna kutira, maana yake kupiga bule la adui liondoke pale lilipo. Pahali pengine watu wanapwente sana na kutira mara moja moja. Siye wa Goma tunatira kila kitu. Tunatira hata pasipo lazima. Tukienda kucheza kwenye viwanja laini vya watu tunaendelea kutira vilevile, tunafungwa, tunarudi nyumbani tukitukana kiwanja.

Bwana yangu peke yake ndiye aliyejua kupwente juu ya makoro. Alikuwa analirusha bule juu sana, unaliona linapotea kwenye jua, halafu linashuka wima, puu! Linabaki palepale lilipoangukia. Alikuwa muchuuzi wa maharagi ya Kibumba na samaki wa chumvi wa Vitshumbi, mutu wa kimya, mutu wa misa ya kwanza. Siku niliyoolewa naye kule Butembo mama yangu alicheka akasema Mungu amepima vizuri: mutu asiye na mudomo amepewa bibi mwenye midomo miwili. Ni kweli. Mimi hasira zangu nilizaliwa nazo, na sikuwahi kumuomba mutu musamaha kwa ajili ya hizo.

Vita ilikuja, ikaondoka, ikarudi na jina lingine. Siye tulishazoea kupanga maisha yetu hivyo: hii nguo niliinunua kabla ya wakimbizi, huyu mutoto alizaliwa kati ya vita na vita. Lile juma ninalosema, barabara ya Kibumba ilikuwa inateremusha watu tangu alfajiri. Magodoro kichwani, mbuzi, wamama wamebeba masufuria yenye chakula hakijaiva. Halafu watu wakaisha barabarani, na tukaelewa kama wenye bunduki wako nyuma yao.

Waliingia kwetu muchana kweupe, niko natwanga sombe, majani ya muhogo. Uani walijaa, lakini aliyekuwa anawaamuru alikuwa kijana mwembamba, jino la mbele limevunjika nusu, sauti ya upole kama katekista. Alipiga mulango teke huku anasema, "Samahani, mama." Akamuangusha bwana yangu chini kwa kitako cha bunduki, akasema, "Samahani, muzee." Mutu anakupiga huku anakuomba samahani! Nakuambia, hiyo ni mbaya kuliko matusi. Matusi unaweza kuyarudisha.

Walikuwa wanatafuta silaha. Walipindua kitanda, wakapasua magunia ya maharagi, na chini ya nguo wakapata kamufuko ka bwana yangu. Askari mumoja akaweka mukono ndani, akashika kitu cha duara, baridi, kizito. Alilia, "Mabombu!" na wote wakaruka nyuma, mumoja akaanguka juu ya kinu changu. Wallahi, kama si bunduki ningecheka.

"Si mabombu, wana wangu," bwana yangu alisema, damu ikimutoka puani. "Ni muchezo."

"Muchezo gani?" yule kijana aliuliza. "Nionyeshe, muzee."

Wakamutoa uani. Kijana akaweka kifuniko cha chupa mbali, karibu na ukuta wa jirani. Bwana yangu akafuta damu na mukono wa shati, akashika bule, akalirusha juu. Lilipanda, likashuka, likafunika kile kifuniko kabisa. Wale askari walipiga makofi! Walipiga makofi kama watoto. Na bwana yangu alitabasamu. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo, kuliko mengine yote. Alitabasamu kama mutu aliyesifiwa kazi yake.

"Samahani, muzee," kijana akasema. "Mukono kama huu, kesho utatutupia gurnadi."

Wawili walimulaza chini, mukono wake wa kuume wakaunyoosha juu ya koro tuliloweka mbele ya mulango kwa kufutia viatu. Kijana akapiga magoti, taratibu, kama mutu anayetaka kusali. Akachukua lilelile bule. Mimi nilikuwa nimebanwa ukutani, bomba la bunduki chini ya kidevu, na ninasema wazi: nilitukana mama yake, nilitukana tumbo lililomuzaa, nilitukana hadi mate yakaisha. Alipiga. Akapiga tena. Mufupa ukivunjika unatoa sauti ya kuni mbichi. Kila akipiga anasema samahani. Nilimukazia macho usoni, nikaikariri ile sura, pua, nyusi, lile jino, kama tunavyokariri katekismu. Niliapa kama siku moja nitampata.

Mukono ulipona vibaya. Daktari alikuwa amekimbia, aliyeufunga ni mufunga mifupa wa kartie, mutaa wetu, na ulipofunguliwa ulikuwa umekunjamana kama tangawizi. Bwana yangu aliendelea na maharagi yake. Jumapili, baada ya misa, alikuwa anaenda kiwanjani kukaa kwenye benchi, anaangalia wenzake wakicheza, na ule mukono ameuficha ndani ya koti. Niliona hivyo majuma mengi. Siku moja nikashindwa. Nikaingia kiwanjani na kitenge changu, nikachukua mabule yake, nikawaambia wale wanaume: leo ninacheza mimi, mwenye hataki aende kwake. Walicheka. Acha wacheke.

Mwanzoni nilikuwa bure kabisa. Bwana yangu alinifundisha kusimama, kupumua, kuachia mukono urudi nyuma wenyewe kama mulango unaofunguka. Nilielewa yote, na bado bule langu lilikuwa linaenda kuwatafuta watazamaji. Hadi Jumapili moja. Niko ndani ya ronde, nimechoka, nimekasirika, naangalia bule la adui kule mbele, na juu ya kile chuma nikaona sura yake. Yule kijana. Nyusi, pua, lile jino. Sikufikiri tena. Nilirusha nikilenga jino. Paa! Bule la adui liliruka hadi kwenye ukuta wa baa, na langu likakaa pahali pake. Watu wakapiga kelele.

Tangu siku hiyo nilikuwa sikosei. Ukitaka siri ya kutira, hiyo ndiyo siri, usiende kuitafuta kwa wazungu. Watu wanasema muchezaji anahitaji roho tulivu. Waongo. Mimi nikilala vizuri, nikila vizuri, ninakosa. Kwa hiyo Jumapili nilikuwa sinywi hata chai. Kanisani, padri akisema tupeane amani, watu wanashikana mikono, mimi nilikuwa naangalia ule mukono wa tangawizi kwenye benchi kando yangu, nachochea moto wangu polepole ili uwe tayari saa ya kucheza. Nikifika kiwanjani, sura inanisubiri kwenye kila bule. Nilimupasua yule kijana mara elfu. Wakaanza kuniita Mama Nyundo.

Nilimwambia bwana yangu. Nilifikiri atafurahi.

"Bule halina sura, mama," alisema. "Ni chuma tu."

"Weye hukuona vile alikufanya?"

"Niliona. Nilimuachia Mungu."

Hapo nilikuwa naweza kupasua sahani. Nilimuachia Mungu! Nilimwambia mambo ambayo bibi haambii bwana. Nilimuuliza ni mwanaume gani, mutu anamuvunja mukono na yeye anakula ugali wake kwa amani. Alikuwa ananisikiliza hadi nimalize, halafu anatoka uani. Huko alikuwa na beseni kuukuu, aliliweka mbali, na kila asubuhi kabla ya kwenda sokoni alikuwa anarusha bule kwa mukono wa kushoto. Puu, ndani ya beseni. Puu. Nilikuwa nasikia ile sauti nikiwasha makaa, na nilikuwa namuonea huruma kidogo na kumuzarau kidogo. Nilisema: maskini, anajifariji.

Mukono wa kushoto ulipokuwa tayari tukaanza kucheza wawili pamoja, yeye anapwente, mimi natira. Hakuna aliyetuweza Majengo. Nyumbani lakini tulikuwa kimya. Nililala kando ya mutu aliyesamehe, na mimi nimebeba chuki ya watu wawili peke yangu, na nilimukasirikia yeye karibu kama yule mwingine.

Miaka ikapita. Wakubwa wakapatana, wakachanganya majeshi yote kuwa moja, na wale waliotupora jana tukaanza kuwakuta kwenye barabara wamevaa kombati mupya za jeshi, wanatuuliza karte za kitambulisho. Watu walisema ni amani. Haya. Kukawekwa mashindano ya muji muzima, na siye tukafika finale, ile ya mwisho kabisa. Ilichezwa kwetu, Majengo, Jumapili saa tisa, watu wamepanda hadi juu ya mabati. Tuliambiwa adui ni kapiteni mumoja wa jeshi na dereva wake, wamewapiga watu wote wa upande wa ziwa.

Gari lao likafika, wakashuka kwanza askari wa kumulinda kapiteni na bunduki zao, wakajipanga kwenye ukuta. Halafu akashuka yeye. Amenenepa, amevaa lunettes, miwani ya jua, jino la mbele ameliwekea dhahabu. Nilimuangalia kama ninavyoangalia mugeni yeyote. Halafu akanyoosha mukono kwa bwana yangu, akafungua mudomo.

"Samahani, muzee. Tumechelewa."

Niliangalia nyusi. Niliangalia pua. Ni yeye.

Bwana yangu alimupa mukono wa kushoto, akatabasamu. "Karibu, kapiteni. Jisikie nyumbani."

Nikasema moyoni: bwana yangu hajamujua. Mungu wangu, huyu mutu hajamujua! Na palepale nikaona kazi yangu ya siku ile. Kama nikimwambia, atavunjika kichwani kama alivyovunjika mukono. Kama nikipiga kelele, nikifanya kitu chochote, wale wa ukutani watamuua bwana yangu mbele yangu na kesho redio itasema alikuwa mujambazi. Kwa hiyo nifunge mudomo. Nicheze, nimalize, nimurudishe bwana yangu nyumbani akiwa anapumua. Basi. Kwa watu wengine kufunga mudomo si kitu. Kwangu mimi, heri unibebeshe gunia la simenti hadi Kibumba.

Bule langu la kwanza la kutira, nilitafuta sura juu ya chuma. Haikuwapo. Nikakodoa macho, nikaangalia tena: chuma, muchanga, basi. Namna gani ingekuwapo? Mwenye sura alikuwa amesimama pale pale mbele yangu, na chupa ya sukre, soda yake, mukononi. Kwa desturi adui anakaa kando, kimya, mutu atupe. Yeye alikuwa anasimama nyuma kidogo ya kochone, katikati ya macho yangu, na hakuna aliyethubutu kumwambia asogee. Bule lilikuwa linanivuta kwake. Najua uzito wa bule, najua ule umbali, ningempasua katikati ya paji la uso na macho yangu yamefungwa. Mukono wangu ulikuwa unataka, si mimi, mukono wenyewe! Nikauvuta upande mwingine kwa nguvu, na bule likaenda kugonga kreti za baa.

"Samahani, mama," akasema na ile sauti ya katekista. "Jua linakusumbua?"

Nilijiuma ulimi hadi nikasikia ladha ya damu. Kila bule ilikuwa hivyo. Mukono unamutaka, mimi nauvuta, bule linapotea. Watu wa Majengo walianza kunizomea. Mama Nyundo leo ana nini? Mama Nyundo amekula nini? Bwana yangu peke yake ndiye aliyetushikilia kwenye muchezo, puu, puu, na mukono wake wa kushoto, uso umetulia kama mutu anayepanga maharagi.

Katikati ya muchezo kapiteni akamusogelea. Nilikuwa karibu, nilisikia yote.

"Muzee, unapwente vizuri sana. Huu wa kuume ulipatwa na nini?"

"Vita," bwana yangu alisema.

"Aa. Pole sana, muzee. Watu wenye walifanya mambo hayo walikuwa wanyama."

Nilimuangalia machoni, maana lunettes alikuwa amezipandisha kwenye paji. Nilikuwa namuomba Mungu, huyu kapiteni awe anadanganya. Hakuwa anadanganya. Alikuwa amesahau! Mimi nimemubeba huyu mutu kila Jumapili, nimeunyima mwili wangu chai kwa ajili yake, nimemukariri kuliko Baba Yetu, na yeye hatujui. Hakuwa amebeba kitu. Tungekutana sokoni angeniuliza bei ya maharagi. Nilitaka kukaa chini palepale na kupiga mayowe.

Tukafika kumi na mbili kwa kumi na mbili. Kumi na tatu ndiyo mwisho. Mabule mengine yote yalikuwa yameshatupwa, yangu yote nimeyapoteza, na bule la kapiteni lilikuwa limebusu kochone. Lilibaki bule moja tu mukononi mwa bwana yangu. Hapo kapiteni akaona ushindi, furaha ikamupanda kichwani. Akachuchumaa kando ya kochone. Akaweka mukono wa kuume chini, umefunguka, vidole vimetandazwa juu ya koro.

"Weka hapa, muzee," akasema kwa sauti watu wote wasikie. "Hapa kabisa, karibu na vidole yangu. Tuone ule wa kushoto."

Watu walicheka. Arbitri aliyekuwa anaamua muchezo, fundi wa viatu wa kartie, alikohoa. "Kapiteni, tafazali usogee kidogo."

"Acha. Muzee anajua kazi yake."

Nikamukaribia bwana yangu, nikamunongoneza: "Papa, usipwente. Tira. Toa bule lake tuende nyumbani."

Aliniangalia. Sijawahi kuangaliwa hivyo na mutu yule, si siku ya ndoa, si siku ya kuzika watoto wetu. "Kaa kimya, mama," alisema taratibu. "Leo kaa kimya."

Akaingia ndani ya ronde. Hakuwa na haraka. Akapumua kama alivyonifundisha mimi kupumua, akaachia mukono urudi nyuma, na akarusha. Lilipanda juu kuliko siku zote. Watu wote waliinua vichwa kulifuata, na kapiteni naye aliinua, lakini jua lilikuwa machoni pake. Likashuka wima.

Ile sauti niliijua. Kuni mbichi.

Kapiteni hakulia mara moja. Alifungua tu mudomo na ule mukono ukabaki chini kama si wake. Halafu akalia, na bunduki zote za ukutani zikakoki. Watu waliruka kutoka kwenye mabati, viti vikaanguka. Bwana yangu alikuwa bado ndani ya ronde, miguu pamoja, mikono chini. Sikufikiri kitu, nilimusimamia mbele, kama mwili wangu mufupi ungezuia risasi.

Juu ya bega langu akasema, "Samahani, kapiteni."

Kapiteni akainua uso. Akamuangalia bwana yangu. Akaangalia ule mukono wa kuume uliokunjamana. Akaniangalia mimi. Nikaona anakumbuka. Ilimupanda polepole usoni, tangu shingoni, kama maji ya mvua yanavyoingia nyumbani, na nilipoona macho yake nilijua kama ametufikia: kule uani, kile kifuniko cha chupa, yale makofi.

Niseme kitu ambacho wageni hawajui. Kwetu, kwa sababu ya makoro, mutu akipigwa na bule ni yeye mwenyewe anayeulizwa ni nani amemupiga. Akisema ni koro, maana yake bule liliruka, maneno yanaishia pale, na hakuna ndugu wala rafiki anaruhusiwa kuyafufua. Akisema ni mutu, inakuwa vita. Lakini lazima aeleze mbele ya wote kwa nini huyo mutu angetaka kumupiga. Na kila aliyekuwa pale alikuwa ameona wazi kama lile bule halikugusa koro lolote. Lilitoka mbinguni.

Fundi wa viatu aliuliza, kwa sababu ndiyo kazi ya arbitri. "Kapiteni. Ni mutu, ao ni koro?"

Askari walikuwa wanasubiri neno moja. Kwenye viti vya mbele walikaa wakubwa wake, na watu wa serikali, na padri wetu, na Majengo nzima. Aeleze nini? Aanzie wapi? Jasho lilikuwa linamutiririka kwenye dhahabu ya jino. Nilisali, na sala yangu ilikuwa ya matusi zaidi kuliko ya maombi.

"Ni koro," akasema. Halafu, kwa wale askari, "Teremusha bunduki."

Wakamubeba hadi kwenye gari, dereva akimushikilia mukono juu. Hakuna aliyepima kochone, hakuna aliyeuliza nani ameshinda. Watu walitufungulia njia kama tunavyofungulia maiti. Bwana yangu aliokota mabule yake, akayafuta vumbi moja moja, akayaweka kwenye kamufuko, na tukaenda.

Tulitembea hadi tulipopita soko.

"Ulimujua saa ngapi?" nikamuuliza.

"Alipotia muguu chini kutoka kwenye gari."

"Na weye uliniambia bule halina sura. Miaka yote hii."

"Nilisema la kwako halina, mama." Alikuwa anaangalia mbele, barabarani. "Langu sikusema."

Nilisimama. Lile beseni. Zile asubuhi zote niko nawasha makaa, nasikia puu, puu, namuhurumia mutu. Nikageuka nikamuchapa kofi, kofi la nguvu zangu zote, katikati ya barabara, mbele ya wamama wa mboga, hadi kofia ikamutoka kichwani. Hakujikinga. Alisimama tu, shavu limeiva, na machozi yakaanza kumutoka, mutu huyo ambaye hakulia siku alipovunjwa. Wapita njia walisimama kutuangalia, mumoja akaniuliza kama nina wazimu.

Sikumupiga kwa sababu ya kapiteni. Sikumupiga kwa sababu angeniacha mujane, ingawa hiyo nayo nilikuwa nayo kooni. Nilimupiga kwa zile jioni zote nilizolala kando yake nikijiona shetani peke yangu ndani ya nyumba ya mutakatifu.

"Ungeniambia," nilimwambia, na mimi nalia. "Tungemuchukia pamoja."